Kompyuta Imekufa, Diski Je? Namna ya Kuokoa Faili Zilizo kwenye Diski za Zamani

Kompyuta inapokataa kuwaka, wengi huhesabu kwamba kila kilichokuwa ndani yake kimekwenda nayo: picha za harusi, vyeti vilivyopigwa skani, hesabu za duka za miaka kumi. Mara nyingi hesabu hiyo hukosewa. Kinachoungua kwa kawaida ni pawasaplai au ubao mama, ambao mafundi wetu huuita mazabodi, ilhali diski ngumu, yaani ghala lenyewe la faili, imo palepale ndani ya kasha ikiwa nzima. Kompyuta ya mezani niliyoifungua hivi karibuni ilikuwa ya namna hiyo. Ilitumika katika kibanda cha uchapaji tangu 2006, ikapigwa na umeme uliorudi kwa nguvu baada ya kukatika, na kapasita za ubao mama zikavimba vichwa. Diski yake ya gigabaiti 80 ilisomeka dakika chache tu baada ya kuunganishwa. Kilichonichukua siku mbili ni kuutafuta waya unaoingia kwenye diski ya umri ule.

Maelezo haya yanamhusu mtu mwenye diski kama hiyo mkononi. Sharti moja litajitokeza mara kwa mara humu, kwa sababu ndilo linaloamua kama faili zitapatikana au hazitapatikana: diski yenye faili unazozitaka haiandikwi kitu chochote, hata herufi moja, mpaka uwe na nakala yake mahali pengine.

Kabla fundi hajagusa

Mteja anapopeleka kompyuta isiyowaka, swali la kwanza analoulizwa katika vibanda vingi ni kama apigiwe Windows upya. Kwa fundi, kazi imekamilika skrini ikiwaka. Kwa mwenye faili, hapo ndipo msiba unapoanza, kwa kuwa Windows mpya huandikwa juu ya sehemu ileile zilimokaa faili zake. Faili iliyofutwa tu katika diski ya visahani, yaani ile ambayo faili zake zimo kwenye visahani vinavyozunguka ndani yake, bado inaweza kurudishwa, kwa sababu kufuta huondoa jina lake kwenye daftari la diski na kuyaacha maudhui yake yalipo. Faili iliyoandikiwa juu hairudishwi na programu yoyote. Kwa hiyo, kabla kompyuta haijatoka mkononi mwako, tamka wazi kwamba diski isifomatiwe wala Windows isipigwe, na ikiwezekana uandike maneno hayo kwenye karatasi uibandike juu ya kasha. Njia iliyo salama zaidi ni kuichomoa diski na kubaki nayo, fundi akashughulika na kasha tupu.

Kuichomoa si kazi kubwa. Katika kompyuta ya mezani diski hushikwa na skrubu nne, mbili kila upande, na katika kompyuta mpakato nyingi za zamani hukaa chini ya kifuniko kidogo upande wa tumbo. Zima umeme ukutani, toa betri kama inatoka, kisha gusa chuma cha kasha kabla ya kuigusa diski, ili umeme tuli uliomo mwilini usiende kwenye bodi yake.

Sikiliza kabla ya kuunganisha chochote kingine

Diski nzima huanza kuzunguka kwa mvumo laini, ikatoa milio michache midogo ya kugonga, kisha ikatulia. Sauti nyingine zote zina maana yake. Mlio wa kugonga unaojirudia kwa mpangilio, tak, tak, tak, kwa kawaida huonyesha kwamba vichwa vya kusomea vinatafuta njia yao juu ya kisahani na kuikosa. Mkwaruzo wa chuma humaanisha kwamba vichwa hivyo tayari vinagusa visahani. Mlio mwembamba wa kukaza bila mzunguko huashiria mota iliyokwama, au vichwa vilivyoganda juu ya visahani, jambo linalotokea kwa diski zilizokaa kabatini miaka mingi. Kimya kabisa huelekeza lawama kwenye bodi ya umeme iliyo chini ya diski, au kwenye waya unaoutumia.

Ukisikia mkwaruzo, zima papo hapo. Visahani vya diski huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na vichwa huelea juu yake kwa umbali wa nanomita chache, umbali mdogo kuliko chembe ya moshi wa sigara. Kichwa kilichoanguka hufanya kazi ya patasi: kila mzunguko unachimba utando wa sumaku ambao ndio ulioshika faili zako. Watu huiwasha diski ya namna hiyo mara kumi wakitumaini kwamba ya kumi na moja itakubali, na mtaalamu anapoifungua baadaye hukuta duara la vumbi la kijivu mahali palipokuwa na picha.

Mlio wa tak, tak, hata hivyo, usikukatishe tamaa mara moja, kwa sababu una chanzo kingine kisicho cha kifo, nacho ni njaa ya umeme. Diski ya inchi 3.5 huhitaji volti 12 kwa mota na volti 5 kwa bodi, kwa hiyo haiwezi kuendeshwa na tundu la USB peke yake. Ile ya inchi 2.5, ya kompyuta mpakato, huridhika na volti 5, lakini tundu la USB 2.0 limewekewa kikomo cha miliampia 500 na la USB 3.0 miliampia 900, na diski ya zamani inapoanza kuzunguka huweza kudai zaidi ya hapo. Jaribu tundu jingine, waya mfupi zaidi, au adapta (kifaa cha kuunganisha diski na tundu la USB) yenye chaja yake. Mlio huo ukiendelea hata umeme ukitosha, acha.

Kuupata waya unaofaa

Diski zilizo mikononi mwa watu leo ni za aina mbili kuu. Za zamani zaidi, ziitwazo IDE au PATA, zina pini 40 nyuma zilizopangwa katika safu mbili, na tundu la umeme lenye pini nne nene. Za kompyuta mpakato za aina hiyohiyo zina pini 44 nyembamba zaidi, ambamo umeme umo pia. Kuanzia 2003 zikaingia za SATA, zenye viunganishi viwili vilivyo bapa na vyenye kona ya herufi L, kimoja cha mawasiliano chenye miguu 7 na kingine cha umeme chenye miguu 15. Zipo adapta za USB zinazobeba aina zote hizi kwa pamoja, pamoja na chaja yake ya ukutani. Ukinunua, nunua hiyo, kwa sababu tofauti ya bei ni ndogo na diski ijayo huenda ikawa ya aina nyingine.

Kwa diski za IDE za inchi 3.5 kuna jambo ambalo vijana waliozaliwa na SATA hawalijui. Nyuma, kati ya pini 40 na tundu la umeme, kuna pini chache zilizofunikwa na kijikofia cha plastiki kiitwacho jampa. Kijikofia hicho huiambia diski kama ni ya kwanza au ya pili kwenye waya. Diski iliyowekwa kuwa ya pili, ikaunganishwa peke yake kwenye adapta, huweza kuzunguka vizuri na bado isionekane kabisa. Tazama mchoro uliochapwa kwenye lebo ya diski, kihamishie kijikofia kwenye nafasi ya kwanza, na ujaribu tena. Pini nazo hupinda kwa urahisi. Usisukume kiunganishi kwa nguvu, na iliyopinda inyooshwe polepole kwa kibano.

Weka diski imelala juu ya kitu kisichopitisha umeme, kama kitabu au kipande cha boksi, iunganishe kabla ya kuwasha umeme, na usiisogeze inapozunguka.

Diski za nje zinahitaji tahadhari ya peke yake. Baadhi ya zile za Western Digital husimba kila kitu kwa kutumia bodi ndogo iliyo ndani ya kasha la plastiki, hata kama mwenyewe hukuwahi kuweka nywila. Ukiitoa diski ndani ya kasha hilo na kuiunganisha moja kwa moja, itaonekana kama iliyojaa takataka, na ukilitupa kasha utakuwa umeutupa ufunguo. Ajali nyingine ya mara kwa mara ni chaja. Chaja ya volti 19 ya kompyuta mpakato huweza kuingia vizuri kwenye tundu la diski ya nje ya volti 12, na kinachofuata ni harufu ya kuungua. Bodi za diski huwa na diodi ya kinga inayojitoa mhanga katika hali hiyo, na fundi wa vifaa vya elektroniki mwenye mkono mzuri huweza kuiondoa na diski ikazunguka tena kwa muda wa kutosha kunakili. Usikubali, hata hivyo, mtu akubadilishie bodi nzima kwa ya diski nyingine ya namna ileile bila maelezo zaidi. Katika diski nyingi za miaka ya karibuni, bodi hubeba chipu ndogo yenye vipimo vya diski ile moja tu, na chipu hiyo lazima ihamishwe pia.

Kusoma bila kuandika

Tumia kompyuta mpakato yenye betri nzima, kwa kuwa umeme ukikatika katikati ya kazi diski mgonjwa haijulikani itaamka vipi. Mimi huianzisha kwa Linux, mfumo endeshi wa bure unaoweza kukaa mahali pa Windows, kutoka kwenye flashi, Ubuntu au Linux Mint, kwa kuchagua kuijaribu bila kuisakinisha. Sababu yake ni kwamba Windows haina subira na diski ngeni: huandika humo mambo yake yenyewe, hupendekeza kuichunguza na kuirekebisha, na isipouelewa mfumo wake wa faili huuliza kama ungependa kuifomati. Kama huna budi kutumia Windows, likatae kila pendekezo la namna hiyo. Programu ya chkdsk, ambayo wengi huikimbilia, ilitengenezwa ili kuunyoosha mfumo wa faili uwe na mpangilio, na katika kuunyoosha huko huweza kuvikata vipande vya faili ambavyo vingeokolewa.

Ndani ya Linux, amri ya lsblk huorodhesha diski zote na ukubwa wake. Itambue yako kwa ukubwa. Mara nyingi huitwa sdb, nami nitatumia jina hilo, lakini hakikisha mwenyewe. Kisha iulize diski hali yake kwa amri ya sudo smartctl -a /dev/sdb, iliyomo katika fungu la programu la smartmontools. Katika jedwali litakalotokea, tazama mistari yenye namba za utambulisho 5, 197 na 198, ambayo huhesabu sekta (vipande vidogo vya diski ambamo faili huandikwa) zilizohamishwa, zinazosubiri hukumu, na zilizoshindikana kusomeka. Mistari yote mitatu ikiwa sifuri na diski ikivuma kwa utulivu, unaweza kuifungua kwa kusoma tu, kwa amri ya sudo mount -o ro /dev/sdb1 /mnt, na kunakili faili kama kawaida. Namba mwishoni mwa sdb1 ni ya mgawanyo wa diski, nayo huweza kuwa 2, 3 au zaidi.

Katika kunakili, watu husahau mengi. Kwa Windows XP, mali ya mtumiaji imo katika folda ya Documents and Settings, na kuanzia Vista imo katika Users. Barua pepe za Outlook hukaa katika faili zinazoishia na .pst, ambazo mara nyingi zimo ndani ya folda iliyofichwa ya AppData, na programu nyingi za zamani za hesabu huweka vitabu vyake ndani ya folda ya programu yenyewe au moja kwa moja kwenye C. Mgawanyo wa D usipitwe. Katika kibanda kile cha uchapaji, barua zote za wateja zilikuwa kwenye eneo la mbele la skrini, yaani folda ya Desktop, na mwenyewe aliapa kwamba ziko katika My Documents.

Diski mgonjwa: chukua taswira yake nzima

Mistari ile ikiwa na namba, au kunakili kukikwama na kukwama tena, acha kunakili faili moja moja, uchukue taswira, yaani nakala ya diski nzima ndani ya faili moja kubwa. Njia ya kawaida ya kunakili ikifika kwenye sekta mbovu huing’ang’ania, na kila jaribio hula uhai uliobaki. Programu ya kutumia hapa ni ddrescue ya mradi wa GNU, iliyoandikwa na Antonio Diaz Diaz, ambayo kwa Ubuntu husakinishwa kwa jina la gddrescue. Hekima yake ni ile ya mvunaji mbele ya mvua: huvuna kwanza palipo rahisi, huruka pabaya, kisha hurudi kuokota kilichobaki.

Utahitaji diski ya akiba yenye nafasi tupu iliyo kubwa kuliko ujazo wote wa diski mgonjwa, si ukubwa wa faili zake tu. Isiwe imefomatiwa kwa FAT32, kwa sababu mfumo huo haupokei faili inayozidi gigabaiti 4. Hakikisha pia kwamba diski mgonjwa haijafunguliwa na mfumo. Kama imefunguliwa, ifunge kwanza. Fungua dirisha la amri ndani ya diski ya akiba, kisha uandike:

sudo ddrescue -n /dev/sdb diski.img diski.map

Jina la kwanza ni la diski inayosomwa, la pili ni la taswira inayoandikwa, na la tatu ni la ramani. Soma mstari huo mara mbili kabla ya kubonyeza, kwa kuwa mpangilio huo ukigeuzwa hakuna wa kukuonya kwa upole. Ramani ndiyo inayoifanya programu hii ifae mahali ambapo umeme hauaminiki, maana humo huandikwa ni sekta zipi zimekwisha kusomwa na zipi bado; kazi ikikatizwa, ukirudia amri ileile itaendelea pale ilipoishia. Duru ya kwanza ikimalizika, rudi kwenye sehemu ngumu kwa:

sudo ddrescue -d -r3 /dev/sdb diski.img diski.map

Hapa unairuhusu ijaribu mara tatu kila mahali palipokataa. Diski nzima ya gigabaiti 80 kupitia USB 2.0 huchukua karibu saa moja, na ya terabaiti moja huweza kumaliza saa tisa au kumi. Diski mgonjwa hutumia siku kadhaa. Elekeza feni ya mezani kwenye diski ili isipate joto, na uangalie mstari wa kasi. Kasi ikishuka mpaka karibu na sifuri na mlio wa tak, tak ukaanza, katiza kazi, acha ipoe, na uendelee baadaye.

Taswira ikipatikana, diski yenyewe ichomolewe na kuwekwa kando. Kuanzia hapo makosa yako yote yanafanyika juu ya nakala. Ifungue taswira kwa TestDisk, programu ya bure ya Christophe Grenier: andika testdisk diski.img, chagua Analyse, kisha Quick Search, na migawanyo itakapoonekana bonyeza herufi P ili kuziona faili na herufi c ili kuzinakili. Usichague Write. Ikiwa daftari la diski limeharibika kiasi kwamba hakuna orodha ya kuonyesha, kimbilia ndugu yake, PhotoRec, ambayo haijali majina wala folda bali huitambua kila faili kwa umbo la mwanzo wake. Picha ya JPEG, kwa mfano, daima huanza na baiti za FF D8 FF. Gharama yake ni kwamba majina yote hupotea. Utapata mafolda ya recup_dir yenye maelfu ya faili zilizopewa namba, zikiwamo picha ndogondogo za tovuti ulizotembelea 2009, na kuzichambua kutachukua muda mrefu kuliko kuziokoa. Zipange kwa ukubwa kwanza. Picha za kamera zitapanda juu.

Kisha zifungue. Sekta ambayo haikusomeka hubaki sifuri ndani ya taswira, kwa hiyo faili huweza kuwa na jina sahihi na ukubwa sahihi huku nusu yake ikiwa tupu, kama ile picha ambayo nyuso zimo na kuanzia mabegani kushuka ni kijivu.

Milango isiyofunguka kwa bisibisi

Baadhi ya diski ni nzima na bado hazisomeki. Kompyuta yenye Windows iliyofungwa kwa BitLocker, kinga ya Windows inayosimba diski nzima, hudai ufunguo wa tarakimu 48, ambao mara nyingi umehifadhiwa katika akaunti ya Microsoft ya mwenye kompyuta. Usipopatikana, hakuna fundi wa kuukisia. Mac zenye chipu ya T2, zilizoenea kuanzia 2018, na zile zenye chipu za Apple zilizoanza kuuzwa mwishoni mwa 2020, zimeifunga hifadhi na chipu ya kompyuta ileile, kwa hiyo njia ni kuufufua ubao mama wenyewe. Diski za SSD, ambazo hazina visahani bali huhifadhi faili kwenye chipu, kwa upande wao, hupokea amri iitwayo TRIM inayosafisha nafasi za faili zilizofutwa, ndiyo maana kufuta kwa bahati mbaya kwenye SSD ni jambo zito kuliko kwenye diski ya visahani.

Kuhusu friza, ushauri wa kuitia diski mbovu humo ili ifufuke bado unazunguka. Diski iliyogandishwa hutoka na umande juu ya visahani, na kichwa hakielei juu ya maji. Kuigonga ni vivyo hivyo, na kuifungua sebuleni ni kuialika vumbi mahali ambapo hata vumbi lisiloonekana ni jabali. Kazi ya kubadilisha vichwa hufanywa katika chumba chenye hewa iliyochujwa. Anayekuambia ataifanya kwenye meza ya duka, mshukuru na uchukue diski yako. Kabla ya kumwachia mtaalamu, muulize kama utalipa hata asipopata kitu, kama utaonyeshwa orodha ya faili kabla ya malipo, na nakala atakazobaki nazo zitafutwa lini, kwa kuwa humo mna vitambulisho na picha za watu wa nyumbani mwako.

Ukishamaliza, tengeneza nakala mbili kwenye vifaa viwili, na diski ya zamani uiandikie tarehe kwa kalamu isiyofutika, kisha uihifadhi ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na adapta yake. Isiuzwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu ikiwa bado inazunguka. Siku utakapotaka kuitupa, baada ya mwenye faili kuzifungua mwenyewe moja baada ya nyingine, toboa visahani kwa drili, ukiwa umevaa miwani ya kinga, kwa sababu baadhi ya visahani, hasa vya kompyuta mpakato, ni vya kioo.